Vigae vya Mama Mkwe

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya nne tangu nitoke Louisville. Magoti yanauma kama nimeazima ya mzee.

Leo nimeng'oa sakafu ya jikoni. Chini ya plastiki kuna plastiki nyingine, na chini ya hiyo nyingine tena. Waliokaa hapa zamani walikuwa wavivu wenye subira. Chini kabisa ni mbao, na mbao ni nzima. Nimemshukuru Mungu.

Nyumba ni ya Mama mkwe, huku Riverside, Buffalo. Anaishi peke yake. Mke wangu Furaha amebaki kwetu Beechmont, Louisville, na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Anataka mama yake awe karibu siku ya kujifungua. Mama amekubali kuja, kwa sharti moja: haondoki mpaka jiko lake liwe na vigae. Akina mama wa kanisa watashika ufunguo na kusali hapa kila Jumatano. Hataki waone matundu.

Ghalani ninakofanya kazi wamenipa ruhusa mpaka Jumanne ijayo. Nikirudi bila Mama, afadhali nisirudi.

Silali hapa. Mkwe halali nyumbani kwa mama mkwe. Nalala ng'ambo ya barabara kwa Mzee Zakaria, shemasi. Anakoroma kwa sauti mbili.

Jumanne, 11 Machi

Nimepigilia bodi za saruji. Mchana nimepaka gundi ya saruji kwa mwiko wa meno na kulaza nusu ya kwanza, upande wa mlango. Jiko la gesi liko ukuta wa mbali, zito. Nitalihamisha nusu hii ikikauka. Pima maji inasema sawa. Kwa baridi hii gundi inashika polepole. Isikanyagwe mpaka kesho jioni.

Sikumwambia Mama. Ningemwambiaje? Kwetu milimani, kule tulikozaliwa, mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hamwiti kwa jina, na hampi amri. Akipita, nageukia ukuta. Kuta za nyumba hii nimezijua zote. Kuna msumari mmoja uliopinda, tumekuwa marafiki.

Mtu yeyote akiona vigae vibichi ataelewa.

Chakula kizuri. Asubuhi Mzee Zakaria alinivushia bakuli kutoka kwa Mama: bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki.

Jumatano, 12 Machi

Hakuelewa.

Nyayo za ndara kutoka mlangoni mpaka kwenye jiko la gesi, na kurudi. Vigae sita vimezama. Kimoja kimepanda juu ya mwenzake kama mbuzi. Nimekaa chini nikavitazama. Nilitaka kulia, nikakumbuka yeye yuko sebuleni, nikakohoa.

Najua ni chai. Mama hawezi kuanza siku bila chai.

Nimeng'oa, nimekwangua, nimelaza upya. Nikaandika karatasi: USIPITE. Nikaichana. Amri ni amri hata ikiwa kwenye karatasi. Nikaenda dukani nikanunua kile kibao cha njano cha kusimama, chenye mtu anayeteleza. Hicho hakisemi na mtu. Nimekiweka mlangoni.

Nimempigia Furaha aongee na mama yake. Alicheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya mtoto. Kisha akakataa. "Nimwambie mama asiingie jikoni kwake? Na aseme mkwe amemshitaki? Mimi simo, baba."

Sombe ya leo ilikuwa na karanga. Nimekula huku nina hasira. Haikupunguza utamu.

Alhamisi, 13 Machi

Juu ya kibao cha njano pameanikwa taulo la vyombo.

Vigae saba vimezama.

Nimempigia Elisha, mdogo wake Furaha. Anasoma Columbus, amepanga chumba karibu na chuo. Nililala kwake nikija huku. Ni kitinda mimba, Mama anamsamehe yote. Nilitoka nje kwenye theluji nikamweleza kwa kunong'ona, kama mwizi. Akajibu na Kifaransa chake:

"Donc, shemeji, uko mita tatu na Mama, unapiga simu Columbus?"

"Elisha, mpigie tu."

"Bon. Lakini unajua saruji haikauki? Ni mmenyuko wa maji na..."

"Elisha!"

Niliingia ndani, nikasimama kwenye korido, nikamwangalia rafiki yangu msumari. Simu ya Mama ikalia. Ilikuwa inachajiwa jikoni, kando ya jiko la gesi.

Nikasikia ndara. Pa, pa, pa. Kila pa nilijua ni kigae kipi. Kisha sauti ya Elisha kwenye spika:

"Mama, usikanyage vigae vya shemeji!"

"Sikanyagi," Mama akasema. Alikuwa katikati.

Elisha amesoma kemia miaka mitatu, na simu yake ndiyo imemvusha Mama juu ya vigae.

Ijumaa, 14 Machi

Mbaya. Furaha amepiga simu asubuhi, hacheki tena. Miguu imevimba. Daktari anasema mtoto anaweza kuja mapema. "Mama anakuja lini?" Nimesema karibu. Sijui kudanganya, alisikia.

Nimefika, vigae vitano nilivyolaza upya jana jioni vimezama. Nimepiga magoti, nimeanza kung'oa kwa mara ya tatu. Nikasikia Mama amesimama mlangoni nyuma yangu. Sikugeuka. Mbele yangu kulikuwa na ndoo ya gundi. Sijui maneno yalitoka wapi. Labda ni uchovu.

Nikasema, "Ndoo, wewe ni shahidi. Sakafu hii ikikanyagwa tena, Furaha atajifungua peke yake."

Nilitaka ndoo inimeze.

Mama akagonga kidole kwenye sufuria aliyoshika, ikalia.

"Weye sufuria," akasema, "ndoo ilinyamaza siku nne kwa nini?"

"Ndoo iliogopa."

"Iogope nini? Sufuria ni nyoka?"

"Ndoo ilikuwa na heshima."

"Sufuria pia iko na heshima. Sufuria inaamka saa kumi na moja ipikie mkwe. Mwanaume apige magoti nyumbani mwangu na njaa? Watu watasema nini?"

Nikasimamisha mwiko. Hakuwa anafuata chai. Bugali, sombe, samaki, karanga: vyote vimevuka juu ya vigae vyangu kuja tumboni kwangu. Siku tatu nimekula sakafu yangu mwenyewe, na nikaomba niongezewe.

Nikaiambia ndoo kwamba mkwe anaweza kula mkate na maharage ya kopo mpaka Jumapili.

"Maharage ya kopo! Sufuria, umesikia tusi hilo?"

Ndoo ikapendekeza jiko la Mzee Zakaria. Sufuria ikasema mke wa Zakaria hana kisu kinachokata na chumvi yake haina chumvi. Lakini itajaribu, kwa ajili ya Furaha. Kisha Mama akavaa koti, akachukua sufuria yake, kisu chake na chumvi yake, akavuka barabara.

Nimeburuta jiko la gesi mpaka sebuleni. Nimelaza vigae jikoni kote, ukuta mpaka ukuta. Sijawahi kufanya kazi haraka hivi. Sijawahi kuwa na furaha hivi na magoti mabovu hivi.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi hakuna nyayo. Nimetazama mara tatu.

Nimekaa kwa Zakaria kutwa. Mama na mke wa Zakaria wamegombana kuhusu moto mara mbili, kisha wakaimba pamoja. Jioni nimerudi kujaza mianya na kupangusa. Nimegonga kila kigae kwa mpini wa mwiko. Hakuna kinacholia tupu.

Jumapili, 16 Machi

Kutoka kanisani nimerudisha jiko la gesi mahali pake. Kisha nimegeukia ukuta, maana Mama alikuwa anakuja.

Alivua ndara mlangoni. Akaingia peku, polepole, mpaka kwenye jiko la gesi, akarudi. Kisha akaiambia sufuria kwamba mwaka ule wa harusi alimwombea Furaha mume mwenye shule, msomi, na kwamba Mungu husikia vibaya, lakini hakosei.

Ndoo ya kunijibia ilikuwa nje, nimeshaiosha.

Mizigo iko garini. Mama atakaa nyuma na sufuria mapajani. Ndoo nimeiweka kiti cha mbele, nimeifunga mkanda, tusije tukakaa kimya njia nzima. Theluji imekoma. Tukitoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, saa sita tutakula kwa Elisha, Columbus. Kabla ya jua kuzama nitakuwa nyumbani, Beechmont.