Bihogo Ana Wenyewe

Goma, Majengo, 6 Machi 2001

Kwa Mama Mukamazimpaka na Muzee Havugimana, Kitchanga,

Hamjambo huko milimani? Baridi imepungua? Na mguu wa Muzee, je, umeanza kukanyaga vizuri? Huku mimi na binti yangu Bénie tu wazima, ila usiku hatulali kwa milio ya risasi za walevi na mabuti ya wanajeshi.

Nimefika salama na mbwa. Alikaa juu ya magunia ya maharagwe safari nzima, ametulia, anatazama barabara. Hapa Majengo watu wamezoea mbwa wembamba wa jalalani. Leo wanaona berger allemand mzima, mbwa mkubwa wa Kijerumani, masikio wima, na wanapita upande wa pili wa njia. Tangu aje, hakuna aliyegusa tena kufuli ya duka langu. Mnajua nilivyolia mbele yenu juu ya wezi wale.

Nilipouliza bei mlikataa, mkasema nimepewa. Nimeona haya kunyamaza tu. Mlinilaza siku barabara ilipofungwa, mkaninywesha maziwa, kisha mkanipa mbwa! Kwa mkono wa dereva huyu anayeshusha huku fromaji, ile jibini ya milimani kwenu, nawatumia kitenge cha Mama na kitambaa cha suruali cha Muzee. Ni asante yangu.

Jina la Bihogo limewashinda watu wa hapa. Tunamwita Madamu.

Ndugu yenu katika Kristo,
Kasoki

*

Kitchanga, siku ya Pasaka, 2001

Kasoki mpenzi,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako. Sisi tu wazima, mvua ni nyingi, Muzee anatembea na fimbo. Bénie anasoma vizuri? Unakula?

Kitenge tumekipokea. Muzee alikishika, akasema, "Huyu mama ana adabu." Tumefurahi kwamba umeanza hivyo.

Sasa nisikilize. Madamu ni nini? Bihogo ni jina la ng'ombe wetu wa kwanza, yule aliyezaa zizi lote kabla vita havijatumalizia. Kila jike mzuri anayezaliwa kwetu hupewa jina la ng'ombe mmojawapo. Usimwite tena jina la mke wa mkubwa wa ofisi.

Dereva ananiambia unampa fufu na vichwa vya sambaza, vidagaa vya ziwani. Nilishtuka hadi nikakaa chini. Mpe maziwa asubuhi, nyama jioni. Usimfunge kwa waya. Usimwogeshe kwa sabuni ya nguo. Asichangamane na mbwa wa jalalani hata kwa salamu. Mababu zake waliachwa na mapadri kwa baba yake Muzee, na hadi leo hatujachanganya damu. Ukiona dalili za joto lake la kutaka dume, tuma habari upesi.

Laurent, mpwa wangu, atapita kumtazama.

Mama yako,
Mukamazimpaka

*

Goma, 19 Juni 2001

Mama Mukamazimpaka,

Nakusalimu, na Muzee pia. Natumaini mvua imewapa nafasi ya kuanika maharagwe. Afya yetu ni nzuri. Moyo wangu ndio mgonjwa, na nitakueleza kwa nini.

Laurent alikuja. Sikatai mgeni. Lakini mgeni huyu hakusalimia hata watu: alimwendea mbwa kwanza. Alimfungua mdomo akahesabu meno, akampima kiuno kwa kamba, akaingia mpaka jikoni kunusa sufuria. Aliponiona na kamba ya mbwa mkononi aliniuliza kama mimi mwenyewe ningependa kufungwa hivyo. Nilimwekea chakula, akampa Bihogo nyama yote, akala ugali mtupu.

Hayo ningemeza. Lakini alitoka barabarani, majirani wakamsifia mbwa wangu, naye akawaambia, "Hii imbwa ni yetu ya Kitchanga. Uyu mama anatuchungia tu."

Anatuchungia! Mimi! Mbele ya wateja wangu! Nilibaki na mita ya kitambaa mkononi. Mama, ulisema umenipa. Kwetu Butembo ukipewa kitu, unashukuru, unarudisha kitu kidogo, mambo yameisha na kila mtu analala kwake. Kama kitenge hakikutosha, sema bei kamili ya mbwa nitume, ili Laurent abaki Kitchanga na mimi nibaki Majengo.

Ndugu yenu,
Kasoki

*

Kitchanga, 2 Agosti 2001

Kasoki,

Umeamkaje? Sisi tumeamka, tunashukuru. Bénie msalimie sana, mwambie asitembee jioni.

Barua yako nimemsomea Muzee. Aliomba nirudie pale penye neno "bei". Nikarudia. Akatoka nje.

Unataka kununua? Tungetaka kuuza, tungemuuzia yule Mzungu wa shirika aliyekuja na gari. Tulimnyima. Tulikupa wewe kwa sababu ulilala kwetu ukaamka ukafagia ua bila kuagizwa. Kwetu hii inaitwa kugabirana. Mtu akikupa ng'ombe, hajakuuzia na hajakuazima. Ng'ombe anakaa kwako, unakunywa maziwa yake, na wewe unakuwa mtu wa nyumba ile. Akizaa, unarudisha jike mmoja. Hiyo ndiyo asante yenyewe. Kitenge chako tulikipokea kama salamu ya mtu anayejua njia. Kumbe hukujua! Nami sikuwaza kwamba mtu mzima anaweza kupewa mnyama na asijue.

Ng'ombe hatuna tena. Mbwa wamebaki, na desturi ni ileile. Jike wa kwanza atakayezaliwa ni wa huku. Na baba yao nitamchagua mimi.

Mama yako,
Mukamazimpaka

*

Goma, 14 Novemba 2001

Mama,

Salamu nyingi. Sijui nianze na afya au na aibu, basi niseme tu kwamba hatuumwi.

Nilimtajia dereva wa fromaji, kwa mazungumzo tu, kwamba Bihogo ameanza joto. Sikukuandikia wewe. Siku ya Alhamisi nina akina mama wa kwaya sebuleni, tunapanga nyimbo za Noeli, mlango unagongwa. Nafungua: Laurent, na kando yake dume jeusi linalofika kiunoni mwangu, wote wawili wamelowa. "Mama, nimetumwa. Tutabaki hapa mupaka kazi iishe." Kazi! Mbele ya kwaya! Mama rais wa kwaya aliuliza ni kazi gani, na Laurent, bila haya, akamweleza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kuna mama mmoja mpaka leo hajarudi mazoezini.

Walilala kwangu. Dume lilikula soli ya kiatu cha Bénie. Kazi iliisha, ndiyo, na Laurent akaniachia maagizo: maziwa mara mbili, asiruke ukuta, nisimkemee.

Na jambo jingine. Ofisa mmoja wa kambi ya Katindo alikuja dukani na walinzi wake, akasema mbwa huyu anamfaa yeye. Unajua nilimjibu nini? "Afande, imbwa si yangu. Iko na wenyewe Kitchanga, mimi nachunga tu." Akaondoka. Nilijishangaa mwenyewe, na nilikasirika kwamba ninyi ndio mlionipa maneno hayo.

Sikilizeni sasa. Akizaa, nitawapa jike wenu. Baada ya hapo sitaki Laurent, sitaki dume, sitaki maagizo. Tutakuwa tumemalizana.

Kasoki

*

Kitchanga, 20 Desemba 2001

Kasoki wangu,

Salamu za Noeli kwako na kwa Bénie. Sisi tuko hai. Leo sitasema zaidi ya hapo juu ya afya yetu.

Wiki iliyopita walipita watu wenye bunduki. Sijui ni wa kundi gani, siku hizi hawajitaji. Mbwa walibweka, kwa sababu mbwa hubweka. Mmoja wao akasema mbwa hawa wanatangaza njia yao. Wakawapiga risasi zizini, mmoja mmoja, mama wazee na wadogo, na lile dume jeusi ulilolilisha kwako. Laurent aliwazika peke yake. Muzee alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule, wakamwacha. Tangu siku ile hajasema neno. Anakula nikimwekea, analala nikimwambia. Alipopoteza ng'ombe alilia sana na sisi sote tulilia naye. Safari hii hakulia.

Nimekuandikia barua nyingi za kukuagiza. Hii si ya kuagiza. Bihogo ndiye aliyebaki. Nakuomba, Kasoki, mtunze, na akizaa jike, mtunze huyo jike kuliko wote. Nikimletea Muzee jike mdogo na kumweka miguuni pake, labda atamwita jina.

Mama yako

*

Sake, kanisani, 22 Januari 2002

Mama, na Muzee,

Sina salamu za kupanga. Mmesikia ya mlima wa moto? Tuko hai, mimi na Bénie. Nyumba hakuna. Duka hakuna.

Barua yenu ya Noeli ilinifika. Nililia, kisha nikafanya kama mlivyotaka. Bihogo alizaa tarehe kumi. Watoto wanne, madume watatu na jike mmoja, ana doa jeupe kifuani. Nilikuwa nimeanza kutafuta mtu wa kuwaletea habari.

Alhamisi asubuhi tulisikia kwamba mlima umepasuka. Watu walisema moto utapita mbali. Mchana ukaonekana unashuka, anga nyekundu, ardhi inatikisika chini ya miguu, na harufu kama ya viberiti elfu. Wakati huo kila mtu alikimbia na kile alichoweza. Mimi nilikuwa na beseni moja kubwa. Nilikuwa nimeshaweka ndani vitenge vya dukani, vile vya Uholanzi, mali yangu yote ya kuanza tena. Bihogo alisimama mlangoni na mtoto mmoja mdomoni, ananitazama.

Nikamwaga vitenge sakafuni. Nikaweka watoto wa mbwa. Sijui ni nini kilinishika, Mama. Bénie alipiga kelele, "Mama, unafanya nini?" nami nikajitwika beseni. Tulipita Ndosho katikati ya watu, mimi na beseni la mbwa kichwani, wengine wamebeba wazee wao mgongoni na wananitazama kama mwehu. Mwanamume mmoja alinitukana. Alikuwa na haki.

Tulitembea usiku kucha. Majivu yalikuwa yanaanguka. Tulipofika Sake nikashusha beseni, na yule jike mdogo alikuwa amekufa. Wenzake wazima, yeye amekufa. Sikumbana, nilimfunika kwa kitambaa changu cha kichwa, sijui alikufa kwa moshi au kwa baridi. Bihogo alimlamba mpaka asubuhi.

Kwa hiyo hivi ndivyo ilivyo. Nimeokoa mali yenu, yangu nimeiacha iungue, na hata hiyo yenu niliyoombwa sikuifikisha. Kaka zangu wako Butembo, upande wa waasi wengine, barabara imefungwa. Hawawezi kuja hata wakitaka. Hapa kanisani tunalala watu juu ya watu na wanataka mbwa watoke. Mtumeni Laurent aje amchukue Bihogo na madume yake. Wachukueni wote. Sina mahali pa kuweka mbwa, sina maziwa ya kuwapa, na sina jike wa kuwarudishia. Mnisamehe, na tuachane kwa amani.

Kasoki

*

Sake, 27 Januari 2002

Mama,

Najua unasubiri mlangoni, kwa hiyo nampa Laurent barua hii, yeye anatangulia kwa pikipiki. Sisi tutakuja kesho na kamio, lori la fromaji linalorudi tupu.

Niliomba Laurent. Mbona hukuniambia ni nani utakayemtuma?

Jana mchana nilikuwa nje ya kanisa nafua nguo ya Bénie. Nikamwona Laurent anakuja, nikajipanga kwa ugomvi. Halafu nikaona nyuma yake fimbo, na koti refu, na bidon, dumu la maziwa. Muzee! Kwa mguu ule! Laurent anasema pikipiki ilikwama matopeni, leo tu ndipo ameinasua, na kipande cha mwisho Muzee alitembea, akakataa kubebwa.

Bihogo alimtambua kabla yangu. Alikata kamba, akamrukia, akalia kama mtu. Madume yake matatu yalikuwa hapo kwenye beseni. Nikasema moyoni, sasa Muzee atapiga magoti, atafungua midomo, atahesabu meno. Nikasogea kando nimpishe.

Muzee alimgusa Bihogo kichwani mara moja, akampita. Alipita na beseni pia. Akaanza kuwauliza wanawake waliokuwa wanapika, mmoja baada ya mwingine, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika:

"Mutoto wetu iko wapi?"

Walidhani anatafuta mtoto mdogo. Wakamwonyesha watoto wadogo. Mimi nikakimbia na sabuni mikononi.

"Muzee, imbwa ni hii hapa. Bihogo ni uyu."

"Imbwa nimeiona," akasema. "Nauliza mutoto."

Akanishika bega; mutoto aliyekuwa anamtafuta ni mimi. Nilijaribu kumweleza juu ya yule jike, kwamba nilimbeba, kwamba sina cha kuwarudishia. Akanitazama kana kwamba nasema lugha ya kigeni. "Nani amekuomba kitu leo?" Akakaa juu ya jiwe, akafungua bidon, akamimina maziwa katika kifuniko, akampa Bénie, akangoja amalize, akamimina tena, akanipa mimi. Mbwa walikunywa mwisho.

Nililia, Mama, mbele ya watu wote, mimi niliyekuwa nawatukana ninyi mwaka mzima. Hakuna mwingine aliyekuja kunitafuta. Watu wa kanisani wananiuliza, "Huyu mzee ni nani wako?" na nimewajibu.

Muzee amelala sasa, mguu umevimba, nimemfunga kitambaa cha maji ya moto. Kabla ya kulala aliongea sana, kuhusu ng'ombe, kuhusu mapadri, Laurent anasema hajamsikia hivyo tangu kabla ya Noeli. Andaa mahali pa kulala watu wawili. Bénie anakohoa, tafuta asali. Usitoke kutungojea barabarani kwenye mvua.

Binti yenu,
Kasoki