Kimea Kilichoungua

Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, na ile baridi ya Mwika inayoingia mpaka ndani ya soksi.

Jambo hili, mpaka leo mchana, sikuwa nimemwambia mtu yeyote: Bibi yangu hanusi tena. Hata ladha haisikii. Naishi naye tangu Mama alipohamia Dar kikazi. Niligundua siku aliyonipa maziwa yaliyoharibika. Mimi nilitema, yeye akanywa kikombe chake mpaka mwisho na kujifuta midomo.

Tangu hapo naonja kila kitu kabla yake, najifanya nina njaa.

Nilinyamaza kwa sababu ya Baba mdogo. Anataka kumhamishia kwake Moshi mjini, kwenye nyumba yenye geti na uwanja wa saruji. Bibi husema siku atakayotolewa kihambani, kwenye shamba hili la ukoo, akaiacha migomba yake na kaburi la Babu, hatamaliza mwaka. Mimi namwamini.

Wiki hii alikuwa anapika mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya kikao cha ukoo kuhusu arusi ya binamu yangu. Mbege ndiyo imempa jina hapa kijijini. Ndizi zilishachemshwa na kuachwa zichachuke. Kilibaki kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ambao huanikwa juani ndipo usagwe. Jua lilipokosekana, akafanya kama afanyavyo kila masika: akakikausha kwenye kikaango, moto mdogo, akifuata pua yake.

Pua yake.

Niliporudi kutoka shule jiko lilikuwa limejaa moshi, naye ameketi humo humo akichambua maharage. Kimea kilikuwa cheusi. Pindo la kitenge chake lilikuwa na tundu la moto, kubwa kama kiganja changu. Hakuwa na habari nalo.

"Shikamoo Bibi. Kimea kimeungua."

"Marahaba. Hakijaungua. Ulezi wa mwaka huu una rangi."

Nikamsihi tununue kingine sokoni. Nikamweleza tulivyosoma darasani, kwamba joto kali huua vimeng'enya, na kimea kilichouawa hakina kazi tena kwenye pombe. Akasema vitabu havijawahi kupika mbege. Akakisaga.

Leo mchana wazee wakaja. Kwetu aliyepika hunywa kwanza mbele ya wageni, ndipo wengine wapewe. Bibi akainua kata, akapiga funda refu.

"Imekolea," akasema, kichwa juu.

Mzee wa ukoo akapokea, akaonja, akatoka kwenda kutema mlangoni. "Mama, hii ni mbege au umetukorogea masizi?"

"Ni kahawa hiyo," mwingine akadakia. "Leteni kashata!"

Wakacheka. Bibi akanitafuta kwa macho. "Ni huyu wangu wa vitabu. Nilimwachia kikaango, akasoma mpaka kikaungua."

Sasa wakanicheka mimi. "Profesa, ukioa utakula majivu!" Nikatazama viatu vyangu. Aibu naiweza, nimeizoea.

Lakini Bibi anajua kabisa kwamba nilikuwa shule.

Kwa hiyo anajua na habari ya pua yake. Muda wote huu nilidhani namfichia, kumbe naye alikuwa anaficha, peke yake, na anaogopa kuliko mimi.

Ningeweza kunyamaza na leo. Ningeonekana mjukuu mwema. Ila kila nikifumba macho naona lile tundu la kitenge. Moto ule haukuzimwa na mtu, ulijifia wenyewe. Mwakani naenda bweni. Kwenye jiko lile atabaki nani?

Baba mdogo, aliyekuja kwa ajili ya kikao, alikuwa nyuma ya zizi la ng'ombe, akiongea na simu. Nilisubiri amalize, nikamwambia yote: maziwa, moshi, kitenge. Akaniuliza kama Bibi anajua kwamba namwambia. Nikasema hapana. Akasema atakuja kumchukua Jumamosi ijayo.

Nikarudi jikoni. Bibi alikuwa anasugua sufuria. Nikamwambia nimemweleza Baba mdogo kila kitu, na kwamba atakuja kumchukua. Hakuinua uso. Aliendelea kusugua mahali pale pale.

Nikakaa naye kidogo. Kisha nikaibeba mbege iliyobaki, ndoo kwa ndoo, nikaimwaga kwenye migomba.