Taata, Sasa Matangazo Yanasomwa

Taata,

Baba yangu, mvua zimerudi hapa kijijini Mabira na kaburi lako limeota majani. Mama hataki niyafyeke. Anasema ulipenda harufu ya majani mabichi, nikuache nayo. Basi nimekuacha nayo. Nimekaa hapa kwenye migomba nikuandikie, maana kwa mdomo nisingefika mwisho.

Nianze na Bihogo. Macho yako yalikuwa hayaoni tena, lakini yule ng'ombe mwekundu ulimjua kwa mlio wake na kwa mwendo. Ulikuwa unaweka mkono mgongoni mwake, mnakwenda malishoni kama ndugu wawili. Alipokufa kwa homa ya mapafu, ulikaa barazani kutwa nzima. Kisha tukaja kusikia kwamba chanjo ilikuwa imeletwa kwenye josho, wenzetu wachache wakapeleka mifugo yao, sisi hatukujua. Nikakushika mkono, tukaenda kwa mtendaji wa kijiji.

"Mzee, tangazo tulilibandika hapa mlangoni," alisema, kwa upole tu.

Ukaupapasa ule mlango, juu hadi chini. "Huu mlango naugusa kila nikija. Haujawahi kuniambia kitu."

Watu waliokuwa pale walicheka. Wewe hukucheka.

Ukanitaka nikupeleke Rubwera, wilayani. Tulipanda bodaboda, wewe katikati, njia nzima unauliza hapa tumepita kwa nani. Kule tukampata afisa habari, Adelina, binti wa Kihaya kutoka Muleba. Aliinuka kwenye kiti chake akakuamkia, "Shikamoo, baba." Ukamwambia hukuja kulalamika, ng'ombe ameshakufa.

"Nimekuja kuomba matangazo ya serikali yasomwe kwa sauti. Na kwa Kinyambo, lugha yetu. Kule kwetu si mimi peke yangu. Wako wenye macho mazima, lakini karatasi kwao ni karatasi tu."

Akasema gari la matangazo halifiki kwetu, na Kinyambo chenyewe kinampiga chenga. Ukamjibu kwamba spika ya kanisa ipo na mchungaji hatakataa.

"Na atakayesoma, baba?"

"Huyu hapa," ukasema, ukanyoosha kidole ukutani, kwa sababu nilikuwa nimesogea dirishani. Nilirudi upesi nikasimama pale kidole chako kilipoelekea. Hukuwa umeniuliza, Taata. Ila nilijua nimeshakubali.

Na hukusikia hata tangazo moja. Hilo ndilo linaloniuma.

Kifua kilikubana kabla mipango haijakamilika. Siku ile hospitali daktari alikumulika machoni kwa tochi, akasema, "Mbona huyu mzee ana mtoto wa jicho tu? Akipona kifua tutamwandikia rufaa, anaweza kuona tena." Sisi miaka yote tulidhani ni uzee. Ulinibana vidole. Ukaniuliza kama nimeshaanza kuota mvi. Ukauliza kama Mama bado ana ule mwanya wake. Nikakwambia subiri, utajionea mwenyewe. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Kifua hakikupona.

Baada ya matanga Adelina alinipigia simu. Nilitaka kumwambia atafute mtu mwingine, lakini nilipofungua mdomo nikasikia ninamwuliza ni lini. Mchungaji akatoa spika, Adelina na mtendaji wakaja, tukaifunga gulioni, kwenye nguzo ya banda la wauza ndizi. Tangazo la kwanza lilikuwa la vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nilijikwaa kwenye maneno, wanawake wakacheka, halafu wakasikiliza. Nikachukua la pili.

Lilikuwa la madaktari wa macho. Wanakuja wilayani, watawapasua wenye mtoto wa jicho, bure.

Sauti ikakatika katikati. Mtendaji alidhani ni spika, akaenda kutikisa waya. Mimi nikaziba kipaza sauti kwa kiganja, nikamwuliza Adelina, "Hawa wamewahi kuja kabla?"

Akasema, "Walikuja. Mwaka mmoja kabla hamjafika ofisini kwangu. Tangazo tulilituma kila kijiji."

Kila kijiji, Taata. Yaani lilibandikwa. Pengine lilikuwa pale mlangoni, nawe ukapita ukaligusa kwa mkono wako, nami nimekushika huu mwingine, nawaza yangu.

Nilitamani nitupe kile kipaza sauti niondoke zangu. Lakini wazee wenzako walikuwa wameketi kwenye nyasi, fimbo mapajani, wametega sikio, wanangoja nimalizie. Nikaanza upya. Nikasoma kwa Kinyambo, polepole, siku ya kwenda, mahali pa kwenda, cha kubeba. Nikarudia.

Walikwenda. Mtendaji mwenyewe aliwabeba baadhi yao kwa pikipiki yake, huyu anamshusha anamfuata mwingine. Nadhani kila mmoja wetu alijua mwenzake anamfikiria nani.

Mzee Rwegasira alipotolewa bandeji alikuja hapa nyumbani kwa miguu yake, hakushikwa na mtu. Yule Rwegasira wako mliyekuwa mkinywa naye rubisi. Alisimama uani, akatazama migomba, akatazama ng'ombe, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. "Kumbe umefanana na baba yako hivi," akasema.

Nikakimbilia ndani. Mama alinifuata, akakaa karibu nami kitandani, tukalia pamoja. Tulifurahi kwa ajili ya Rwegasira, Taata, Mungu anajua tulifurahi. Lakini tulikutaka wewe.

Adelina sasa ananiletea matangazo kila gulio. La kesho si zuri. Njia ya ng'ombe kwenda mtoni itafungwa, na anayepinga ana muda mfupi wa kupeleka neno lake wilayani. Najua watanikasirikia, kana kwamba njia naifunga mimi. Nitalisoma hivyo hivyo. Yote, la kufurahisha na la kuudhi, nitayasoma mpaka aliyekaa nyuma kabisa aitikie kwamba amesikia. Nikichoka, nitakuwa nimemfundisha mwingine. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Lala salama, Taata. Ndama wanalia, niende nikakamue.

Binti yako,
Kokugonza