Sanduku la Mjusi wa Yusufu

Jumatatu, 6 Mei 1991

Mvua tangu alfajiri. Nimeshona mapindo ya mashuka hadi shingo ikauma. Yusufu kwenye kiti kilekile, anatazama ukuta uleule. Chai yake imepoa tena. Tangu watutolee mume wangu gerezani mwezi wa tatu, anasema ndiyo, anasema hapana, anaomba maji. Mtu aliyekuwa dereva wa lori, aliyekuwa akiimba njia nzima mpaka Bujumbura. Salima bado yuko Ujiji kwa mama yangu. Simwiti. Sitaki amwone baba yake hivi.

Upande wa pili wa ua jirani yetu Venanti, seremala, anapiga randa. Siku nzima, huku akipiga mluzi. Anapiga mluzi, huyu mtu! Oktoba ile, vita vilipoanza mpakani, askari walipita mtaa wetu huu wa Biryogo wakitafuta ibyitso, vibaraka wa waliovamia. Nilikuwa dirishani. Nilimwona Venanti akinyoosha kidole kwenye mlango wetu. Wala sikuhadithiwa.

Namchukia. Nimeliandika, nimelisoma, bado ni kweli.

Jumatano, 8 Mei

Mjusi kafiri alishuka nyuma ya kabati nikiwa nafagia. Nikavua kandambili. Kwetu tulifundishwa hivyo tangu utotoni: mjusi kafiri anapigwa, tena kuna thawabu. Nikainua mkono. Yusufu akanidaka kifundo. Kwa nguvu. Mtu ambaye kikombe kinamtetemeka.

"Usimuue," alisema. "Kule nilikuwa naye mmoja."

Akarudi kukaa. Mimi nikaenda jikoni, nikalia, kisha nikasonga ugali.

Jumapili, 12 Mei

Sasa anamlisha. Nondo waliokufa kwenye taa hawataki, anataka wanaotikisika. Yusufu anawakamata kwa glasi. Leo amesema zaidi kuliko mwezi mzima. Kule walikuwa wengi mpaka wakalala kwa zamu, wengine wamesimama. Juu ya vichwa vyao mjusi alikuwa na ukuta mzima peke yake. Alikuwa akimtazama huyo. Basi, ndivyo siku zilivyokwenda.

Sasa anaogopa paka wa jirani. Anataka sanduku la vioo, mjusi akae humo salama. Ameomba kitu! Ningemletea hata jumba.

Nikafikiria fundi wa mjini. Halafu wazo jingine likaja, tamu kama halua. Kwa nini niende mbali? Fundi yuko hapo hapo uani.

Jumanne, 14 Mei

Nimekwenda kwa Venanti. Alipangusa mikono kwenye kaptula, akatazama miguu yangu badala ya uso. Nilisema kwa sauti, wanawake wa bombani wasikie: nataka sanduku la mbao na vioo, la mnyama wa Yusufu. Yusufu, mume wangu. Nilirudia jina lake mpaka masikio yakamwiva. Akasema atalifanya bure. Nikamwambia hapana, tutalipa. Sitaki sadaka yake. Nataka apime, akate, apige kila msumari akijua ni wa nani.

Jumatano, 15 Mei

Nyumba imekuwa shamba. Yusufu amechekecha udongo, akauchoma kwenye sufuria kuua siafu. Sufuria yangu nzuri. Nimenyamaza. Amechuma gamba kavu la mgomba na matawi ya mparachichi. Ananieleza, na mimi nasikiliza kama mwanafunzi. Mjusi hukaa wima, kwa hiyo sanduku liwe refu kwenda juu kama kabati, lisiwe kama kasha la nguo. Anataka ufa mwembamba, tumbo liguse huku na mgongo uguse kule. Maji ya bakulini hayajali, yeye hulamba matone kwenye kioo. Balbu iwake upande mmoja tu, achague mwenyewe joto au baridi.

"Achague mwenyewe," alirudia.

Jumatatu, 20 Mei

Sanduku limekuja. Pana, fupi, kama kasha la nguo hasa. Sikumwambia Venanti kuhusu kimo. Nilijua, nikanyamaza makusudi. Nikamwambia hilo silo. Kuna kilango cha uani, hatua chache tu, lakini nilikuwa nimekifunga. Akalibeba kichwani, akazunguka barabara kubwa, akapita mbele ya duka na bomba na msikiti. Nilisimama mlangoni mpaka akapotea.

Raha niliyoisikia sijaisikia tangu Oktoba.

Alhamisi, 30 Mei

La pili ni refu, zuri hata. Amelipaka vanishi likang'aa. Yusufu alilinusa, akatikisa kichwa. Harufu itamuua mjusi. Safari hii sikuwa na hila, lakini niliipokea kama zawadi. Sikumruhusu Venanti aingie. Nilimrudishia kizingitini, nikasema akwangue yote. Yote, hata kwenye pembe.

Mtaani sasa wanamwita Fundi Mjusi. Muuza mkaa amenihadithia huku akicheka mpaka machozi. Mteja mmoja alikwenda kuagiza kitanda, akamuuliza kama ni cha mjusi au cha mtu. Venanti hapigi mluzi tena. Nasikia msasa tu. Kwara, kwara, kwara. Nimelala usingizi mzuri mchana wote.

Jumatano, 5 Juni

Responsabule wa selire amekuja, mkubwa wa mtaa wetu. Alikaa, akanywa chai, akaniuliza habari za Venanti. Shemeji wa Venanti ametoweka huko Byumba, inasemekana amevuka mpaka kujiunga na waasi. Je, Venanti anapata wageni? Nimeona watu wasiojulikana wakiingia kwake? Nisiogope, hakuna atakayejua kama ni mimi.

Randa ilikuwa inasikika uani.

Neno moja tu. Ndiyo. Hata kutikisa kichwa kungetosha. Wangemchukua kabla ya jioni, wangemsimamisha kule kwa zamu, mkewe angebaki dirishani kama nilivyobaki mimi. Nilikuwa nalo ulimini. Nilionja ladha yake. Sikujua ni rahisi kiasi hiki.

Nikasema sijui. Akasubiri. Nikasema tena sijui, mimi nashona tu. Akaondoka, chai nusu, uso umekunjamana.

Si huruma. Naandika nisije nikajidanganya baadaye. Venanti ni wangu. Sitaki kuwapa wao. Wao wangemfanya mtu wa kuonewa, na mimi ningepoteza haki yangu ya kumchukia.

Nilipoingia chumbani nilimkuta Yusufu amesimama nyuma ya pazia. Alikuwa amesikia. Amejishika mikono.

Alhamisi, 6 Juni

Sijashona. Nimekasirika na kila mtu. Na Venanti kwa kuwa hai. Na responsabule kwa chai yangu. Na Yusufu kwa kunitazama kama ananisubiri nifike mahali fulani. Jioni nilimuuliza ana nini. Akasema nimwite Venanti alete sanduku, aliingize mwenyewe ndani.

Nikamwambia mwanamume yule hakanyagi sakafu yangu.

"Mama Salima," alisema, "mwite."

Jumapili, 9 Juni

Nitaandika kama ilivyokuwa, polepole.

Venanti alikuja baada ya misa, amevaa shati la kanisani, sanduku kifuani. Alisimama mlangoni mpaka Yusufu alipomwonyesha pa kuliweka. Akaliweka. Kioo mbele, mbao nyeupe, kavu, halinuki chochote. Kazi nzuri. Iliniuma kuiona.

"Iko tayari," alisema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Nimekwangua yote."

Yusufu akapiga magoti mbele ya sanduku. Akafungua, akafunga. Akapitisha kiganja ndani, juu, pembeni, nyuma. Polepole mno. Mimi nilisimama na birika mkononi. Kisha akasema bila kugeuka:

"Humu hakuna hewa."

Venanti akasema atatoboa, amesahau, keke iko kwenye mfuko.

"Kule pia hakukuwa na hewa, Venanti. Waliniambia jina lako siku ya kwanza."

Alijua. Miezi yote hii, kwenye kiti kile, huku randa ikipiga, alijua. Na mimi nilikuwa nikimficha nisije nikamvunja.

Venanti hakukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wake, nilikuwa na majibu yangu yote. Alisema aliulizwa nani anapata wageni kutoka nje. Bunduki ilikuwa hapa, akagusa shavu. Kweli, kaka yangu mimi alikuwa amekuja kutoka Ujiji mwezi uliotangulia, mtaa mzima ulimwona.

"Nilitaja mlango ya karibu," alisema. "Sikuwa na chuki na nyinyi. Ni mlango tu ilikuwa karibu."

Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Angalau angetuchukia! Ningejua tulikuwa kitu machoni pake. Kumbe tulikuwa mlango.

Akalia. Mtu mzima, shati la kanisani, kamasi. Nilifurahi. Haikutosha.

Yusufu akamwacha alie mpaka mwisho. Kisha akagonga ubao kwa kidole.

"Toboa," alisema. "Hapa chini upande huu, na kule juu upande ule. Hewa iingie huku, itokee kule."

Venanti akatoa keke, akatoboa. Tundu moja likaenda mshazari. Vumbi la mbao likamwagikia viatu vyake. Yusufu akapigilia wavu mwembamba juu ya matundu, wa chandarua chetu cha zamani. Walifanya kazi hivyo, hawakutazamana, mpaka ikaisha. Sikummiminia chai. Alipoondoka alipitia kilango cha uani. Sijui nani alikifungua.

Jumanne, 11 Juni

Tumempangia mjusi sanduku lake. Udongo chini, mawe mawili ya mlimani, magamba ya mgomba yamesimamishwa bega kwa bega. Tawi limepanda kutoka kona hadi kona. Balbu kushoto. Yusufu alimtega kwa glasi na karatasi, hakumgusa mkia usije ukakatika. Mjusi akakimbilia nyuma ya gamba, akakaa humo kutwa. Nikasema amechukia. Yusufu akasema hapana, ukifika mahali pageni unatafuta kwanza pa kuficha mgongo. Tumwache. Nilinyunyiza maji kwenye kioo kwa vidole. Baadaye ulimi ukatoka, mwekundu, mdogo, ukalamba tone.

Nilitaka kuendelea kukasirika, nikajikuta natazama.

Jumatano, 19 Juni

Responsabule amenisimamisha sokoni. Ameuliza tena, akitabasamu. Nikajibu vilevile. Lakini nimerudi nyumbani nikijiuliza. Venanti asipokuwa na mtu mwingine wa kumtetea ila mimi, basi ana bahati mbaya sana. Zipo siku naamka na neno lile limelala tayari ulimini. Leo ilikuwa mojawapo.

Jumamosi, 29 Juni

Kiangazi kimeingia. Vumbi jekundu kila mahali, mpaka kwenye uzi. Mjusi amejivua ngozi. Ilimtoka kama soksi, akaivuta kwa mdomo, akaila yote. Yusufu aliniita nione. Tulikaa sakafuni mabega yakigusana.

Wiki hii nzima kuna mkebe mlangoni asubuhi. Mkebe wa maziwa ya unga, kifuniko kimetobolewa kwa msumari, ndani panzi wazima. Wanakamatwa kabla ya jua, wakiwa bado wazito kwa umande. Kifuniko kina vumbi la mbao. Hakuna anayebisha hodi.

Siku ya kwanza niliupiga teke. Panzi wakatawanyika ua mzima, Yusufu akatoka kuwakamata kwa magoti. Hakunilaumu.

Sijamsamehe. Leo, mjusi aliposhiba, nimeuosha mkebe, nikaukausha kwa kitambaa, nikaurudisha mlangoni.