Mkate wa Saba Uko Karibu na Kibodi

Olzhas,

Simu yako umeisahau kwenye chaja, kichwa maji wewe. Supu iko jikoni, ipashe moto. Mikate sita iliyo kwenye sinia wapelekee majirani kabla Mama hajarudi.

Ndiyo, sita. Unga mliumaliza wewe na marafiki zako, kwa hiyo Ijumaa hii nimemkaangia marehemu Baba mikate sita ya sadaka badala ya ile saba ya kila Ijumaa. Nikasema moyoni, nani atahesabu?

Mafuta hayajapoa, kompyuta ikawaka yenyewe. Mchezo ukafunguka, farasi wa Baba akaanza kuzunguka kisima, anazunguka tu. Nikakutukana, nikidhani unacheza kwa simu ukiwa darasani. Kumbe simu yako hii hapa.

Nikaangalia kwenye kompyuta ni simu ya nani imeunganishwa. Ni ya Baba, ile uliyomtengenezea acheze akiwa amelazwa hospitali, mchezo wenyewe ukiendeshwa na kompyuta yetu hapa nyumbani. Nikafungua sanduku la Mama. Simu imo, chini ya mablanketi, haijatiwa chaji tangu arobaini ya Baba. Nimeibonyeza mara tatu, haiwaki.

Nikakung'uta mfuko, nikapata unga wa mkate mmoja, nikaukaanga. Nilipouweka karibu na kibodi, farasi akasimama.

Nimechelewa kazini. ~~Zima kompyuta, chomoa na waya.~~ Usiizime. Na huo mkate usiuguse, hata ukiwa na njaa vipi. Nadhani Baba bado anakula.

Dada yako