Mfereji wa Kwaraa

Bagara, Babati
22 Aprili 2025

Kaka yangu mpendwa Apolinary,

Shikamoo. Mpe shemeji Edda salamu zangu, na watoto wote wa hapo Morogoro. Mguu wako unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia umeacha kutembelea fimbo, nikamshukuru Mungu, maana ukiishika fimbo unafanana na marehemu baba hadi mtu anaogopa kukuomba chumvi. Sisi huku tunaendelea, ingawa mvua haijakatika tangu Jumapili ya Matawi, na mahindi ya bondeni yameanza kuwa manjano.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Wiki iliyopita ulinitaka nihamie kwako, nile, nilale, niache kuzeekea kwenye tope. Nilipokataa ukaniuliza, kwa sauti yako ya kaka mkubwa, tangu nizaliwe nimefanya nini hapa Bagara. Nikakata simu. Nisamehe kwa hilo, lakini swali lako liliniuma, na limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Wenzetu tuliosoma nao wamejenga, wengine wamekuwa madiwani. Mimi nina mahindi, maharage na mbuzi wanne. Nikifa, mtaa utanililia siku tatu, kisha watu wataulizana nani anachukua koleo langu.

Sasa nikupe habari za mlima. Kaka, Kwaraa hauko sawa. Ile chemchemi ya nyuma ya nyumba tuliyokunywa tangu utoto iligeuka nyekundu siku ya Ijumaa Kuu, na jana ikakauka kabisa, huku mvua inanyesha. Mbuzi hawataki kupanda juu. Ukiwaswaga wanasimama tu na kutazama. Miti aliyoipanda baba imeinama yote upande mmoja, upande wetu. Na kuna mlio unaotoka chini ya ardhi, mzito, kama jiwe la kusagia. Hiyo si radi.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja akaona, akatuambia tuhamie kwenye ukumbi wa kanisa. Tangu yale maporomoko ya tope ya Katesh hakuna anayefanya mzaha na mlima, hivyo wengi wamehama. Aliyebaki ni Mama Careen, jirani yetu wa chini, pamoja na watoto wake. Mama mkwe wake hawezi kutembea, na kila wakitaka kumbeba anashika mguu wa kitanda na kusema hafii ukumbini kama mgeni. Mama Careen naye amesema hawezi kumwacha mzee peke yake.

Unaukumbuka ule mfereji wa baba, unaopita juu ya nyumba zetu na kupeleka maji korongoni? Kila mvua hujaa mawe na udongo, na kila mvua mimi huuzibua. Mwaka juzi nilimsikia Mama Careen akimweleza mgeni wake kwamba mfereji ule uliumbwa pamoja na mlima. Jina la baba halikutajwa, sembuse langu. Zamani ningenuna. Siku ile nilicheka mpaka kifua kikaniuma, kwa sababu watoto wake walikuwa wanaruka kamba uani, pakavu.

Kifua hicho ndicho ninachotaka kukueleza, na sijamwambia mtu, hata mke wangu Valeria. Mwezi wa pili nilikwenda hospitali, daktari akaniambia moyo umepanuka. Alinikataza kuinua kitu kizito, akasema nitulie kama bibi harusi. Nilimuuliza kama koleo nalo ni kitu kizito, hakucheka. Alisema nikiulazimisha, unaweza kusimama siku yoyote. Naogopa, kaka. Nampenda Valeria, na nilitamani sana kuyala maharage ya mwaka huu.

Asubuhi nimempeleka Valeria kwa dada yake kule Mutuka, nikamdanganya kwamba nitamfuata jioni. Mfereji umeziba pale kwenye kona, na maji yameanza kuruka kuelekea kwa Mama Careen. Nimewaomba vijana tupande pamoja, wakasema huko hawaendi, na siwalaumu. Nikimaliza kukuandikia hapa nachukua koleo.

Barua hii nampa Anselimu, anayesafiri kesho kuja huko. Mama mdogo Domitila anakusalimu, na anasema hajasahau kitenge ulichomwahidi. Likinitokea la kunitokea, mchukue Valeria akae kwako, na usimgombeze kwa kilio chake. Lakini ukipiga simu huku ukaambiwa kwamba mvua ilinyesha sana na hakuna kilichotokea, basi hicho ndicho nilichofanya Bagara.

Mdogo wako akupendaye,
Marseli