Hapana Iliyobaki Njiani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Umeme umekuja saa mbili, umeondoka saa tatu. Kompyuta ya ofisi imebaki kwenye betri ya jua. Kimemi, mtaa wetu hapa Butembo, wote matope. Nimefika kazini na viatu mkononi.

Kazi ni ile ile. Watu wetu wa vijijini wanapiga simu asubuhi, mimi naandika. Kirumba: bei ya maharage imeshuka, malori mawili yamekwama. Beni: kimya. Nafupisha, nabonyeza, ujumbe unakwenda kwenye simu ndogo za wakulima, wengi wao akina mama. Bei, mvua, usalama wa njia. Mradi una jina refu la Kifaransa. Kwangu ni kupasha habari tu.

Mchana kapiga mama mdogo Masika, yule mdogo wa mama yangu anayelima Mulekera, kule Beni. Yuko kwenye orodha yetu, nilimwandikisha mwenyewe. Nilidhani amepiga kushukuru. Kumbe ni kunigombeza.

«Katungu, ile mashini yenu haina adabu? Inaingia mu simu ya mutu bila kusalimia, sawa soda!»

Nimecheka, maana soda kwetu ni askari. Halafu nimeona aibu. Ana haki. Kwetu hata anayekuja kudai kuku wake aliyepotea anasalimia kwanza.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimegombana na Chef Paluku, mkuu wa mradi. Mara ya tatu sasa. Yeye alisoma Mombasa, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Anataka niandike «Msiende shambani». Nimemwambia hakuna mama hata mmoja Mulekera anayesema «msiende». Wanasema «Hapana kwenda shamba». Ndivyo ninavyoandika. Siku ya salama: «Kwenda shamba leo.» Siku mbaya: «Hapana kwenda shamba leo.» Mtoto wa darasa la pili anaelewa.

Nimeshinda. Nimeomba na salamu iwekwe mwanzoni. Amekubali, ila amecheka niliposema «bamama na batata», yaani akina mama na akina baba. Mombasa batata ni viazi. Basi, nitawasalimia na viazi.

Nina furaha ya kijinga leo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Ujumbe wa kwanza wenye salamu yetu ya asubuhi, «Mwavukire», umetoka. Beni kutulivu. «Kwenda shamba leo, njia iko muzuri.» Mama mdogo amepiga tena, sauti juu. Ameusoma mwenyewe, neno kwa neno, kidole kwenye kioo. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye darasa la akina mama kanisani kwake, miaka miwili tu iliyopita. Sasa anamsomea jirani yake Kavugho kila asubuhi. Kavugho hajui kusoma. Wanalima mashamba yanayopakana, wanakwenda pamoja, wanarudi pamoja.

Anajivuna sana. Nami najivuna kwa ajili yake.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Simu ya Beni imelia kabla jua halijachomoza vizuri. Mtu wetu wa Mulekera, anaongea haraka, anahema. Watu wa bunduki wameonekana upande wa mashamba. Nimeandika nikiwa bado na nguo ya kulalia. Nimeutuma kwenye mashine kwa simu yangu saa kumi na mbili kasoro. Nilikuwa na haraka.

Ofisini kimya. Mama mdogo hapokei simu. Nimejiambia yuko kwa majirani, wote wamebaki nyumbani, wanapiga soga.

Saa kumi alasiri bado hapokei.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Walikwenda shambani. Yeye na Kavugho. Mtu wa Mulekera amethibitisha. Risasi zilisikika jana saa nane mchana. Hawajarudi.

Sielewi. Ujumbe ulitoka kabla hawajaamka. Kompyuta inasema umefika kwenye simu yake. Kwa nini aende? Namkasirikia. Ndiyo, namkasirikia mama mdogo, na sijui kama yuko hai. Nimefunga mlango wa choo cha ofisi nikalia humo.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimepanda teksi ya Beni asubuhi. Chef hakutaka, njia haiaminiki. Nimekwenda hivyo hivyo.

Nimekaa uani kwa mama mdogo na wanawake wa kanisa lake. Wanapika, hawali. Karibu saa tisa ametokea kwenye njia ya nyuma. Anatembea peku. Kitenge kimechanika. Alilala mara mbili kichakani, alikunywa maji ya mtaro. Nilimkumbatia, hakunikumbatia. Aliangalia nyuma ya mgongo wangu, akauliza kitu kimoja tu.

«Kavugho alifika?»

Wanawake wakageukia sufuria zao.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Kavugho amepatikana. Vijana wa mtaa wamemleta kwa turubai. Amezikwa leo leo. Mumewe, Kambale, hakulia. Alisimama akishika koleo hadi mwisho, hakutaka mtu mwingine afukie.

Mama mdogo hataki kula. Jioni kidogo kabla ya giza aliniita chumbani, akafunga mlango, akaniwekea simu mkononi.

«Uichukue. Hapana kunitumia tena ujumbe. Njo miye nilimuua Kavugho. Miye nilimusomea. Kusoma yangu njo ilimuua.»

Anaamini alisoma vibaya. Anasema yeye ni mzee, kichwa hakishiki herufi, walimu wa kanisani walimdanganya kwamba anajua. Asubuhi ile alisoma «kwenda shamba», akamwambia Kavugho twende. Njiani aliiacha simu kwa mtu wa kuchaji. Jana alipoichukua akaona maneno ya bunduki yako humo. Hakuyaona asubuhi. Ni macho yake, anasema, ni ujinga wake.

Nimefungua simu. Ujumbe uko mara mbili. Umekatika vipande viwili.

Cha pili kilitangulia. Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi: «kwenda shamba leo na kesho. Mungu abalinde.»

Cha kwanza kilichelewa, mtandao ulikuwa mbovu. Kimeingia saa tano: «Mwavukire bamama na batata, sisi ba projet tunabasalimia bote. Habari ya Beni: batu ya bunduki banaonekana asubui ya leo upande ya mashamba ya Mulekera. Hapana»

Hapo ndipo kinapoishia. Hapana, basi.

Alisoma sawasawa. Sikumwambia. Nilisema tu «pole, mama», nikarudisha simu mezani. Mimi ni mwoga.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimerudi Butembo. Nimehesabu. Simu ndogo inapokea herufi mia moja sitini, ikizidi mashine yetu inakata na kutuma mbili. Herufi, nukta, nafasi, vyote vinahesabiwa. «Hapana» yangu inaishia kwenye herufi ya mia moja hamsini na tisa.

Bila salamu ujumbe wote ungeingia. Siku zote nilihesabu kabla ya kutuma. Jumatatu sikuhesabu.

Na «msiende» haikatiki. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Katika Kiswahili cha Chef katazo liko ndani ya kitenzi, huwezi kuling'oa. Katika chetu linasimama peke yake mbele. Linaweza kubaki njiani. Nilijua lugha yetu kuliko wote pale ofisini. Nilijidai hivyo, tena kwa sauti. Sikuwahi kuliwaza hili.

Nimemwonyesha Chef. Hakunisimanga, nilitaka anisimange. Alipoanza kuongea juu ya wafadhili wanaokuja Jumanne, Kiswahili cha Mombasa kilimpotea.

«Système ilifanya kazi. Message ilitoka, message ilifika. Bageni banakuya mardi. Ukiongea mambo ya vipande mbele yao, projet inakufa, na bamama bote banabaki bila habari. Unataka ivyo?»

Sitaki hivyo. Ubaya ni kwamba hasemi uongo. Mwezi uliopita watu wa Mulekera walibaki nyumbani kwa ujumbe wangu, wakapona. Hao nao ni watu.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Nimebadilisha mpangilio wa mashine. Sasa inakataa ujumbe mrefu, haitumi hadi upunguzwe. Imechukua nusu saa. Nusu saa tu! Kwa nini hatukufanya siku ya kwanza? Hakuna aliyefikiria. Tulifikiria rangi ya nembo wiki nzima.

Salamu nimeitoa.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Sikwenda misa. Mama amekuja kuniuliza kama ninaumwa. Nimesema ndiyo. Anasema mdogo wake amerudisha vitabu vyake vya kusoma kanisani. Vyote. Amewaambia walimu wampe mtu mwenye akili.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Wageni wamekuja. Watatu. Wapole, wamevaa viatu vizuri mno kwa matope yetu. Wameuliza maswali mazuri. Mwanamke mmoja ameniuliza mimi, kwa Kifaransa, kama akina mama wanaelewa ujumbe. Chef aliniangalia.

Nimesema wanaelewa vizuri sana. Nimesema tatizo liliwahi kuwa kwetu, si kwao. Ujumbe mmoja ulikatika, watu wawili walikwenda shambani, mmoja amekufa, na ni mimi niliyeandika. Sauti yangu ilitoka ndogo, kama ya mtu anayeomba ruhusa. Mwanamke yule alifunga daftari lake. Aliniuliza kama familia zinajua.

Nimesema hapana.

Baadaye Chef hakunipigia kelele. Aliniambia niende nyumbani mapema. Sijui kama nina kazi kesho. Nimeshangaa jinsi ninavyojali kidogo. Swali la yule mwanamke ndilo limebaki. Nilimwambia mgeni kabla ya kumwambia mama mdogo. Aibu gani hii.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Beni tena. Mvua njiani hadi Maboya, halafu jua.

Mama mdogo alikuwa anachambua maharage. Sikunywa chai. Sikuzunguka. Niliomba simu, nikamwekea vipande viwili kwa mpangilio wake, cha kwanza kwanza, nikamwomba anisomee. Alikataa. Nikaomba tena. Akasoma, kidole kwenye kioo, polepole, hadi «Hapana». Akakomea hapo. Nikafungua cha pili. Akasoma «kwenda shamba». Akarudi nyuma mwenyewe, akasoma tena vyote viwili kwa mfululizo.

«Ile asubui nilisoma muzuri?»

«Ulisoma muzuri, mama. Miye njo niliandika mubaya.»

Nikamweleza yote. Herufi, salamu, haraka yangu. Nilipotaja salamu alifunika mdomo kwa mkono, na nikajuta kuitaja, kwa sababu ni yeye aliyeiomba. Nikamwambia kuomba kusalimiwa si kosa. Kuhesabu kulikuwa kazi yangu. Sijui kama alisikia. Alilia muda mrefu. Sikujua kama ni kwa kutuliwa mzigo au kwa hasira juu yangu, na sikuwa na haki ya kuuliza.

Halafu alinawa uso, akajifunga kitenge.

«Twende kwa Kambale. Utamwambia weye mwenyewe.»

Kambale alikuwa uani anageuza kakao aliyoianika kwenye turubai. Nilisema nikiwa nimesimama. Alisikiliza bila kuacha kazi. Nilipomaliza aliuliza kile kipande cha kwanza kiliingia saa ngapi.

«Saa tano.»

Alimgeukia mama mdogo. Yeye akaangalia chini.

«Saa tano tulikuwa tunakula mihogo,» mama mdogo alisema. «Alikuwa anacheka.»

Kambale aliendelea kugeuza kakao. Upande wa pili wa turubai ulikuwa bado. Mama mdogo alichuchumaa, akaanza kugeuza kwa mikono. Nami nikachuchumaa. Hakutufukuza. Tumemaliza wingu likiwa limeshatanda, tukamsaidia kuingiza ndani.

Nimelala kwa mama mdogo leo. Ameniandalia mkeka, yeye yuko kitandani, amegeukia ukuta.